Akina Lee wa Virginia: nani ni wa ukoo, nani si wa ukoo, na namna ya kuhakiki

Swali la msomaji, mwalimu wa historia: “Kwenye Azimio la Uhuru la Marekani la 1776 kuna saini mbili za watu waitwao Lee. Kwenye Vita vya Mapinduzi nakutana na Jenerali Charles Lee na kamanda wa wapanda farasi Henry Lee. Miaka 85 baadaye, kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, anatokea Jenerali Robert E. Lee wa upande wa Kusini. Mtandaoni wapo wanaosema wote ni ukoo mmoja, na wapo wanaosema Robert ni mzao wa George Washington. Ukweli ni upi? Na mtu aliye mbali na Marekani anawezaje kuuhakiki mwenyewe?”

Jibu

Kati ya hao watano, wanne ni damu moja. Aliye nje ni Jenerali Charles Lee, Mwingereza aliyezaliwa Cheshire, na kinachomuunganisha na wenzake ni jina tu. Kuhusu Washington, hakuna mtoto wa kumzaa anayejulikana, kwa hiyo Robert hawezi kuwa mzao wake. Uhusiano uliopo unapitia kwa mke wa Robert, ambaye alikuwa kitukuu wa Martha, mke wa Washington, kwa mume wake wa kwanza. Nitaeleza kila kipande, kwa sababu makosa ya mtandaoni karibu yote huanzia mahali palepale: watu hufuata jina na nyumba badala ya kufuata mtoto na mzazi.

Shina la ukoo upande wa Amerika ni Richard Lee, aliyefika Virginia karibu na 1640. Alianza na kazi ya ukarani, akawa Mwanasheria Mkuu wa koloni 1643, kisha Katibu wa koloni 1649, huku akijikusanyia ardhi na kufanya biashara ya tumbaku. Alifariki 1664. Mkewe Anne Constable alimzalia watoto wengi, lakini kwa swali lako anayehitajika ni mmoja: Richard wa pili (1647–1715), aliyemuoa Laetitia Corbin. Huyu ndiye njia panda ya ukoo mzima. Wanawe watatu walifungua matawi matatu. Philip alihamia Maryland, na mjukuu wake Thomas Sim Lee akawa gavana wa jimbo hilo mara mbili, mara ya kwanza katikati ya Vita vya Mapinduzi. Thomas (1690–1750) alijenga Stratford Hall katika kaunti ya Westmoreland. Henry (1691–1747) alikaa jirani, kwenye nyumba iliyoitwa Lee Hall.

Tawi la Thomas ndilo la wanasiasa. Richard Henry Lee (1732–1794) ndiye aliyewasilisha hoja ya uhuru mbele ya Kongresi ya Bara, yaani bunge la makoloni yaliyoasi, tarehe 7 Juni 1776, na ikapitishwa tarehe 2 Julai. Mdogo wake Francis Lightfoot Lee (1734–1797) alisaini Azimio pamoja naye, na hawa ndio ndugu pekee wa tumbo moja kwenye orodha ya waliosaini. Wadogo zao William na Arthur walikuwa Ulaya wakifanya kazi ya ubalozi. Mkubwa wao, Philip Ludwell Lee (1727–1775), ndiye aliyerithi Stratford.

Tawi la Henry ndilo la askari, ingawa nalo lina wanasheria. Henry wa kwanza alimzaa Henry wa pili (1730–1787), aliyeishi Leesylvania katika kaunti ya Prince William na kumuoa Lucy Grymes. Huyu alimzaa Henry wa tatu (1756–1818), kamanda wa wapanda farasi uliyekutana naye. Alishambulia ngome ya Paulus Hook Agosti 1779 na Kongresi ikampa nishani ya dhahabu. Akawa gavana wa Virginia 1791 hadi 1794. Na ndiye aliyesoma taazia ya Washington mwishoni mwa 1799. Robert Edward Lee, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1807, ni mtoto wake kwa mke wa pili, Ann Hill Carter.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote. Robert alizaliwa Stratford Hall. Stratford ilijengwa na Thomas. Basi mtu anahitimisha kwamba Robert ni wa tawi la Thomas, na kwenye chati anamweka chini ya Richard Henry au Philip Ludwell. Sivyo. Philip Ludwell alipokufa, Stratford ilifuata binti yake Matilda. Matilda aliolewa mwaka 1782 na Henry wa tatu, ambaye alikuwa ndugu yake: babu zao, Thomas na Henry wa kwanza, walikuwa mtu na mdogo wake. Mwaka 1790, muda mfupi kabla ya kufa, Matilda aliiweka Stratford chini ya amana kwa ajili ya watoto wake ili madeni ya mumewe yasiimeze. Henry alibaki akiishi humo, akaoa tena mwaka 1793, na watoto wa mke wa pili wakazaliwa kwenye nyumba ambayo kisheria ilikuwa ya watoto wa marehemu mke wa kwanza. Mrithi alikuwa Henry wa nne, kaka yake Robert kwa baba, aliyezaliwa 1787 na hivyo kumzidi Robert miaka 20. Robert hakuwa na damu ya Thomas hata kidogo kupitia njia hii, japo kaka yake huyo wa kwa baba alikuwa nayo. Ukimweka Robert mahali pasipo pake, hesabu yote ya udugu inaharibika.

Tuifanye hesabu hiyo. Tafuta mzee wa pamoja aliye karibu zaidi, halafu hesabu hatua za kushuka kila upande. Kwa Richard Henry na Robert, mzee huyo ni Richard wa pili. Kwenda kwa Richard Henry ni hatua mbili: Thomas, Richard Henry. Kwenda kwa Robert ni hatua nne: Henry wa kwanza, wa pili, wa tatu, Robert. Maana yake Robert ni kilembwe wa Richard wa pili, na Richard Henry ni mjukuu wake. Richard Henry analingana kizazi na Henry wa pili, babu yake Robert. Ni mtoto wa baba mkubwa kwa huyo babu. Kwa heshima za kwetu, Robert angemwita Richard Henry babu, na Francis Lightfoot vilevile. Programu za nasaba hazina nafasi ya uhusiano huo na huwapachika wote jina la binamu, zikiongeza idadi ya vizazi pembeni. Usiikubali lebo hiyo kabla hujahesabu hatua mwenyewe.

Kipimo kingine ni umri wa mzazi mtoto anapozaliwa. Kwenye mstari wa Robert: Richard wa kwanza, aliyezaliwa karibu na 1618, alikuwa na miaka 29 hivi alipompata Richard wa pili, huyu alikuwa na 44 alipompata Henry wa kwanza, kisha 39, kisha 26, kisha karibu 51. Hiyo 51 inatia shaka mpaka ukumbuke ndoa ya pili. Ukiona mahali baba ana miaka 14 au mama ana 58, kuna kizazi kimerukwa au watu wawili wenye jina moja wameunganishwa.

Sasa Washington. Martha Dandridge aliolewa kwanza na Daniel Parke Custis, akafiwa 1757, akaolewa na George Washington Januari 1759. Mtoto wake John Parke Custis alikufa kwa homa ya kambini Novemba 1781, baada ya mapigano ya Yorktown, na watoto wake wawili wadogo wakalelewa Mount Vernon, nyumbani kwa Washington. Mmoja wao, George Washington Parke Custis (1781–1857), ndiye aliyejenga jumba la Arlington huko Virginia. Bintiye Mary Anna aliolewa na Robert E. Lee tarehe 30 Juni 1831. Kwa Martha, Mary Anna ni kitukuu wa damu. Kwa Washington ni kitukuu wa kambo. Jina George Washington mwanzoni mwa jina la Custis limewapoteza wengi, lakini jina la heshima halimfanyi mtu kuwa mwana.

Robert na mkewe wenyewe walikuwa ndugu wa mbali, kwa njia isiyopita kwa Lee wala kwa Washington. Wote wawili ni vilembwe wa Robert Carter, tajiri wa ardhi aliyepewa lakabu ya Mfalme: Robert kupitia John, Charles na Ann Hill Carter, Mary Anna kupitia Lucy, William Fitzhugh na Mary Lee Fitzhugh. Familia hizi zilioana vizazi kwa vizazi, kwa hiyo ukipata uhusiano mmoja usisimame hapo. Unaweza kuwepo wa pili.

Kuna upande ambao chati nyingi za zamani ziliukata, na mwalimu asiuache. Custis huyo aliyejenga Arlington alizaa binti na Arianna Carter, mwanamke aliyekuwa mtumwa. Binti huyo ni Maria Carter, aliyeolewa na Charles Syphax. Custis alimwachia huru na kumpa ekari 17 hivi ndani ya Arlington, lakini bila hati. Serikali ilipoitwaa Arlington wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, umiliki wake ukawa hatarini, na mwaka 1866 Kongresi ikapitisha sheria maalumu ya kumrudishia ardhi. Maria alikuwa dada yake Mary Anna Lee kwa baba, na kitukuu wa Martha kwa kiwango kilekile. Custis aliagiza katika wosia wake kwamba watumwa wake wote waachiwe huru ndani ya miaka mitano. Robert, akiwa msimamizi wa mirathi, alisaini hati ya kuwaachia Desemba 1862, na hati hiyo inawataja watu kwa majina. Kwa wazao wa watu hao ni karatasi ya thamani kubwa mno, kwa sababu sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, bila majina yao. Wengi majina yao yanaonekana kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870.

Jenerali Charles Lee hahitaji maelezo marefu. Alizaliwa 1732 huko Cheshire, alitumikia jeshi la Uingereza, akahamia Amerika, akawa chini ya Washington kwa cheo, na jina lake likaharibika kwenye mapigano ya Monmouth Juni 1778. Alifariki Philadelphia mwaka 1782. Kinachozidisha mkanganyiko ni Charles Lee mwingine (1758–1815), mdogo wake Henry wa tatu, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuanzia 1795 hadi 1801. Huyo ni wa ukoo kabisa, tena alimuoa Anne, binti ya Richard Henry. Ukikuta Charles Lee kwenye hati ya baada ya 1782, hawezi kuwa jenerali.

Namna ya kuhakiki

Anza na aliye karibu na wewe kwa wakati, urudi nyuma. Usianze na Richard wa 1640 kushuka chini, maana utavutiwa na kila Lee utakayemkuta. Kwa kila kiungo cha mtoto na mzazi andika mambo manne: jina pamoja na makazi yake, jina la mwenzi, hati inayosema ni mtoto wa fulani, na tarehe ya hati. Makazi ni muhimu sana kwenye ukoo huu. Namba za wa kwanza, wa pili na wa tatu zimewekwa na waandishi wa baadaye. Hazimo kwenye hati. Karani wa mahakama aliandika Henry Lee, basi. Akiongeza Junior, mara nyingi alimaanisha mdogo kati ya wawili wenye jina moja katika kaunti, hata kama si baba na mwana, na mkubwa akifa aliyeitwa Junior huweza kuitwa Senior. Lakini ukiandika makazi, Henry Lee wa Lee Hall na Henry Lee wa Leesylvania hawachanganyiki.

Usitafute vyeti vya kuzaliwa. Virginia ilianza kuandikisha vizazi na vifo kiserikali mwaka 1853, ikasimama 1896, ikaanza tena 1912. Kabla ya hapo kazi inafanywa na wosia, orodha ya mali ya marehemu, hati za ardhi, madaftari ya parokia, orodha za kodi na kesi za mirathi. Westmoreland ina bahati: kumbukumbu zake zinarudi hadi miaka ya 1650. Prince William na Stafford zilipoteza nyingi, kwa hiyo kwa watu wa Leesylvania utalazimika kuzunguka kupitia kaunti za jirani na barua za familia. Sensa za 1790 na 1800 za Virginia zimepotea karibu zote. Na kwa kawaida sensa zote kabla ya 1850 zinataja mkuu wa kaya peke yake.

Wosia usomwe kwa uangalifu. Kabla ya mageuzi ya 1776 na 1785, ardhi ya Virginia ambayo haikugawiwa kwa wosia ilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, na ardhi nyingine ilifungwa kisheria ibaki kwenye mstari wake. Hivyo baba angeweza kumtaja kifungua mimba kwa mstari mmoja au asimtaje kabisa, kwa kuwa fungu lake lilijulikana. Kukosekana kwenye wosia si ushahidi kwamba mtu si mtoto. Kinyume chake, kesi za mirathi ni hazina, kwa sababu mdai analazimika kuwataja wote wenye haki. Wadogo zake Philip Ludwell walimshtaki kwa kuchelewesha mafungu yao, na mgogoro kama huo unakupa orodha ya ndugu kuliko Biblia yoyote ya familia. Ukitumia Biblia ya familia, angalia kwanza mwaka iliyochapishwa. Kama vizazi vilivyoandikwa ni vya zamani kuliko kitabu chenyewe, vimenakiliwa kutoka mahali pengine au kutoka kichwani.

Maneno ya undugu ya karne ya 18 nayo ni mtego. Aliyeitwa ndugu anaweza kuwa shemeji, aliyeitwa binamu anaweza kuwa mtoto wa kaka au dada, na neno ambalo leo kwa Kiingereza lina maana ya mkwe lilitumika pia kwa mtoto wa kambo. Usijenge kiungo juu ya neno moja la namna hiyo.

Kalenda imewapotosha hata waliobobea. Hadi 1752 mwaka wa Waingereza kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Wosia wa Richard wa kwanza ni wa Februari 1663/64: kwa hesabu ya wakati huo ni 1663, kwa yetu ni 1664. Nakili miaka yote miwili kama ilivyo. Ukichagua mmoja kimyakimya, unaweza kujikuta na mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa. Septemba 1752 siku 11 ziliondolewa, tarehe 2 ikafuatwa na tarehe 14, na ndiyo sababu Washington ana tarehe mbili za kuzaliwa, 11 na 22 Februari.

Kwa upande wa jeshi, moto wa Novemba 1800 uliteketeza ofisi ya Wizara ya Vita pamoja na kumbukumbu za Mapinduzi. Kilichosaidia baadaye ni maombi ya pensheni, hasa chini ya sheria za 1818 na 1832, na ya wajane chini ya sheria ya 1836. Askari wa kawaida ilimbidi aeleze alikozaliwa na chini ya nani alipigana, na mjane ilimbidi athibitishe ndoa. Virginia ilikuwa na akina Henry na Richard Lee wengi wasiohusiana, na faili la pensheni mara nyingi ndilo linalowatenganisha.

Ukiwa mbali, fungua akaunti ya bure kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba, na usome picha za madaftari ya kaunti, si miti ya watumiaji. Baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa kwenye kituo chao. Maktaba ya Virginia imeweka mtandaoni hati za ardhi za koloni na kesi nyingi za mirathi. Barua za Washington na wenzake zipo kwenye tovuti ya Founders Online bila malipo, na humo akina Lee wamejaa. Hati za ardhi zisome kwa tahadhari: koloni lilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyesafirishwa kuja Virginia, lakini haki hizo ziliuzwa na kutumiwa baada ya miaka, hivyo jina kwenye orodha halithibitishi mwaka wa kufika.

Vipimo vya vinasaba vina kazi moja nyembamba hapa. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda mwana, kwa hiyo mwanamume mwenye jina Lee kwa mstari wa baba tupu anaweza kujua kama anatoka kwenye shina la Richard au kwa akina Lee wengine. Kwa kawaida haiwezi kusema kama ametokana na Thomas au Henry, maana ndugu hao walibeba kromosomu ileile. Vipimo vya kawaida vya kuchanganya pande zote hupoteza nguvu baada ya vizazi vitano au sita.

Kiungo dhaifu kuliko vyote kipo Uingereza. Kitabu kikubwa cha ukoo kilichochapishwa 1895 kilimpeleka Richard moja kwa moja kwenye familia ya kikabaila ya Coton, Shropshire. Utafiti wa miaka ya 1980 ulimkuta kwa wazazi wa hali ya kawaida zaidi mjini Worcester: John, mfanyabiashara wa nguo, na Jane Hancock. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa Richard alimpa mwanawe mmoja jina Hancock, ambalo bila mama huyo halina maelezo. Worcester haiondoi uwezekano wa mizizi ya Coton nyuma zaidi, na Richard mwenyewe alijitambulisha kwa nembo ya familia hiyo, lakini ni kiungo kingine kinachohitaji hati zake. Kwenye chati ya darasani chora mstari mzito kutoka Robert hadi Richard wa kwanza, mstari wa kawaida hadi Worcester, na mstari wa nukta kwenda Coton.